Kijijini, shambani au juu ya baa: kuchagua B&B katika vijiji vya pwani ya Ireland

Wiki mbili kabla ya safari yake ya kwanza magharibi mwa Ireland, binamu yangu alinitumia picha tatu. Ya kwanza ilikuwa nyumba nyeupe yenye maua dirishani, ndani ya kijiji cha Doolin, County Clare. Ya pili, nyumba ya mkulima yenye kondoo nyuma ya ukuta wa mawe, kilomita nne kutoka kijiji hichohicho. Ya tatu, chumba juu ya baa. Bahari ilionekana kwenye picha zote, zote ziliahidi kifungua kinywa, na bei zilipishana euro chache tu. "Dada, nichukue ipi?"

Sikumtajia nyumba. Nilimuuliza jioni atakula wapi, na akishakula atarudije kulala.

Nauliza hivyo kwa sababu B&B (bed and breakfast, yaani kitanda na kifungua kinywa) hukulisha mara moja tu kwa siku, nayo ni asubuhi. Mchana na jioni unajitafutia. Wengi huchagua kwa kuangalia dirisha linatazama wapi, halafu saa tatu usiku unawakuta kwenye barabara isiyo na taa wala njia ya waendao kwa miguu, mvua inakuja kwa ubavu, na tumboni hamna kitu.

Tuelewane kwanza kuhusu nyumba zenyewe. Penye kibao cha B&B mara nyingi ni nyumbani kwa mtu. Si gesti kama tunavyoijua kwetu, ya kulipa dirishani ukapewa ufunguo na kipande cha sabuni. Mwenye nyumba analala humohumo, ana vyumba vitatu au vinne vya wageni, na mayai yako anakaanga mwenyewe. Waairishi wana jina lake kwa lugha yao: bean an tí, mama mwenye nyumba. Vyumba vya juu ya baa havina mama huyo, lakini navilinganisha pia kwa sababu katika vijiji vidogo ndivyo vinavyoshindania mgeni yuleyule.

Mimi napima mambo matano: jioni, asubuhi, usingizi, mwenyeji, na bei pamoja na masharti yake. Mandhari nayaacha nje ya mizani. Katika vijiji hivi bahari iko kila upande, na ukiikosa dirishani utaikuta ukitoka mlangoni.

Jioni: chakula na njia ya kurudi

Aliyelala ndani ya kijiji hana kazi kubwa hapa. Chukua Roundstone, kijiji cha wavuvi huko Connemara kilichojengwa miaka ya 1820 chini ya mhandisi Mskoti Alexander Nimmo. Kimsingi ni mtaa mmoja ulioambatana na bandari. Unatoka mlangoni, dakika tano umefika penye supu nzito ya samaki na mkate wa soda, unakula, unarudi kwa miguu ukitazama mashua. Hata asiye na gari anaishi vizuri.

Ila neno "kijiji" linaweza kukudanganya. Doolin imetawanyika: kuna Fisher Street kuelekea baharini, kuna Roadford upande wa juu, na katikati ni mwendo wa karibu kilomita moja. Nyumba inayoandikwa "Doolin" inaweza kuwa katikati ya hayo mawili, au mbali kabisa kwenye njia ya Cliffs of Moher, yale majabali marefu ya baharini. Usiishie kwenye jina la kijiji. Kila anwani ya Ireland ina Eircode yake, msimbo wa herufi na tarakimu saba ulioanza kutumika mwaka 2015. Mwombe mwenyeji akutumie, uuweke kwenye ramani ya simu, kisha pima mwendo wa miguu hadi baa inayopika chakula. Zikizidi dakika ishirini, ihesabu nyumba hiyo kuwa ya shambani, hata kama tangazo linasema ya kijijini.

Nyumba ya shambani inataka gari. Kwa mtu wa Afrika Mashariki kuna nafuu moja, kwamba Ireland nako wanaendesha kushoto. Ugumu uko kwenye upana wa barabara. Kule kwenye rasi ya Beara, kusini magharibi, ukielekea kijiji cha Allihies iliyokuwa na machimbo ya shaba tangu 1812, kuna mahali magari mawili hayapishani mpaka mmoja arudi nyuma hadi penye nafasi. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida cha barabara ndogo za vijijini kimeshushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa, na kuna kona nyingi ambazo hata 40 ni nyingi. Kuna na jambo la pombe. Ukishuka kijijini kusikiliza muziki, mmoja wenu hanywi, kwa sababu teksi ni za kubahatisha. Wapo wenyeji wa mashambani wanaokubali kupika chakula cha jioni wakiambiwa mapema, na wapo wanaokushusha kwa gari lao. Uliza kabla hujalipa, usisubiri kuuliza ukiwa na njaa.

Aliyepanga juu ya baa anashuka ngazi tu. Hata hivyo ana la kuuliza: jiko linafunga saa ngapi, na siku zipi halipiki? Baa inaweza kuuza vinywaji hadi usiku mkubwa huku jiko limefungwa tangu saa mbili na nusu. Nje ya msimu, Jumatatu na Jumanne sehemu nyingine hazipiki kabisa. Hilo huwagusa wageni wa aina zote tatu, lakini wa baa ndiye huwa hajajiandaa, kwani aliamini chakula kiko chini ya miguu yake.

Asubuhi mezani

Hapa ndipo nyumba ya familia inapojipatia sifa yake, iwe kijijini au shambani. Sahani ya Kiairishi huja na vipande vya nyama ya nguruwe, soseji, mayai, nyanya, uyoga, na vipande vya mviringo viitwavyo pudding, kimoja cheusi na kimoja cheupe. Cheusi kimetengenezwa kwa damu ya nguruwe na nafaka. Cheupe hakina damu, lakini nyama yake ni ya nguruwe vilevile. Nalisema wazi kwa sababu nimekaa mezani na Mwislamu mwenzetu aliyedhani cheupe ni salama.

Asiyekula nguruwe asiogope, mradi aseme siku anayoweka nafasi. Mwambie mwenyeji mambo mawili: huli nguruwe, na unaomba mayai yako yakaangwe kwenye kikaango safi. La pili ndilo watu husahau, na ndilo lenye uzito, maana kikaango ni kimoja na mafuta ni yale ya soseji. Mama mwenye nyumba akijua mapema ana mengi ya kukupa: uji wa oti, samaki salmoni wa moshi na mayai ya kuvuruga, mkate wa soda aliooka mwenyewe, jamu ya matunda ya bustanini. Wengi hulichukulia ombi lako kwa moyo kabisa, na nyumba za shambani nimeziona hodari zaidi hapa. Labda ni kwa sababu dukani ni mbali, hivyo mwenye nyumba amezoea kupanga mapema.

Kwenye baa hali inabadilika kutoka mahali hadi mahali. Kuna zinazopika vizuri kushinda nyumba nyingi. Nyingine hukupa nafaka za boksi, maziwa na kikapu cha mikate midogo, na kuna ambazo bei yake ni ya chumba tu na chai ya asubuhi unalipia. Tafuta maneno ya tangazo yanayosema kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Yasipokuwepo, kichukulie hakimo.

Saa nazo zina maana. Kwa kuhesabu kwetu, nyumba ya familia huandaa meza kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi. Kama una boti ya mapema, sema jana yake. Wanaotaka kwenda Skellig Michael, ule mwamba wa watawa wenye ngazi 618 ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996, huondoka asubuhi kutoka Portmagee na bandari jirani, katika miezi ya joto pekee. Bahari ikichafuka safari inafutwa. Kwa safari hiyo naona heri kulala ndani ya Portmagee, familia au baa, na uchukue siku mbili, ya kwanza ikiharibika ubaki na ya pili.

Usingizi

Nitakuwa mkweli kuhusu baa, maana nazipenda. Muziki wa kienyeji, wa fidla, filimbi na ngoma yao ya bodhrán, huanza karibu saa tatu na nusu usiku, na sakafu ya mbao haizuii kitu. Kisheria baa za kawaida huacha kuuza saa tano na nusu usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, na saa tano Jumapili. Wateja hupewa nusu saa ya kumalizia, kisha huja kuagana nje chini ya dirisha lako. Lakini kama ulikuja kwa ajili ya muziki, kwa Doolin kwa mfano ambako watu hutoka mbali kuusikiliza, ungekuwa chini nao hadi mwisho. Kinachobaki ni kupanda ngazi, na hiyo ni raha ambayo nyumba nyingine haziwezi kukupa. Moshi wa sigara usikutishe: Ireland ilipiga marufuku kuvuta ndani ya baa tangu Machi 2004, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Wenye watoto wajue kwamba aliye chini ya miaka 18 anatakiwa awe ametoka sehemu ya baa saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Hivyo mzazi mmoja atapanda na watoto wakati muziki ndiyo kwanza unakolea.

Shambani ni kimya, kimya cha kweli, isipokuwa upepo ukianza kuimba kwenye paa na mbwa akisikia trekta alfajiri. Kijijini kuna ndege wa baharini, wanaoamka mapema na kupiga kelele kama wachuuzi wa feri.

Halafu mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la magharibi mwa Ireland huzama baada ya saa nne usiku na kuchomoza baada kidogo ya saa kumi na moja alfajiri, na kati yake giza haliingii sawasawa. Mwenye kusali Isha apange usiku wake kwa hesabu hiyo, na mwenye usingizi mwepesi aulize mapazia mazito. Desemba mambo hugeuka: jua limeshazama kabla ya saa kumi na nusu jioni, na ile njia ya giza kutoka shambani inakuwa njia ya jioni nzima.

Mwenyeji na faragha

Ukibisha hodi kwenye nyumba ya familia utapewa chai, mara nyingi na kitafunwa cha moto, na utaulizwa unatoka wapi. Waairishi wanauliza, na wanangoja jibu. Mimi maswali hayo hayanichoshi. Kwetu mgeni asiyeulizwa habari hujiona hakupokewa. Kwa hao wenyeji nimejua njia ya kwenda Dog's Bay, ufuo wa karibu na Roundstone ambao mchanga wake mweupe ni maganda ya vijidudu vya baharini. Na huko Baltimore, kusini kabisa mwa Cork, ni mwenye nyumba aliyenisimulia usiku wa Juni 1631, maharamia kutoka Algiers walipoingia kijijini na kuwachukua utumwani watu zaidi ya mia moja. Tulikaa tukitazama bandari ileile, mimi mtu wa pwani ya Bagamoyo, naye mtu wa pwani yake. Sikuyategemea maongezi hayo kwenye meza ya chai, na hotelini nisingeyapata.

Lakini nyumba ya mtu ina adabu zake. Unafika saa mliyoahidiana, kwa kawaida kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, na ukichelewa unapiga simu, kwa sababu kuna mtu ameahirisha shughuli zake akikungoja. Ngazi unapanda polepole usiku. Jikoni huingii bila kualikwa, na chakula cha kunukia hupiki chumbani. Mtu aliyechoka na watu, au mke na mume wanaotaka kuwa peke yao, anaweza kuyaona haya mzigo. Huyo baa inamfaa zaidi ya anavyodhani: ufunguo mkononi, anaingia na kutoka, hakuna anayemngoja.

Shambani maongezi ni marefu zaidi na msaada ni mkubwa zaidi. Viatu vyako vilivyolowa vitawekwa karibu na jiko la kuni, na utaelekezwa ni shamba lipi unaruhusiwa kukatiza na lipi lina fahali. Wenye watoto wanaotaka kumwona mwanakondoo, hapo ndipo mahali pao.

Vitu vidogo viko sawa kote. Soketi ni ya pini tatu za bapa kama ya Kenya na Uganda, basi chaja yako itaingia. Bafu likikataa kutoa maji ya moto, tafuta kamba inayoning'inia darini au swichi iliyo nje ya mlango, uivute au uiwashe, kisha subiri. Hakikisha tu tangazo linasema choo na bafu vimo ndani ya chumba. Katika nyumba za zamani vinaweza kuwa kwenye ujia, hata kama ni vyako peke yako.

Bei na masharti

Mtego mkubwa ni namna bei inavyoandikwa. Nyumba nyingi za Ireland, hasa unapowasiliana na mwenyewe, hutaja bei kwa kila mtu anayelala katika chumba cha wawili. Ukiambiwa euro 55, chumba ni 110. Asafiriye peke yake huongezewa kidogo, kwa sababu amechukua nafasi ya wawili. Miaka hii ya karibuni mimi nimelipa kati ya euro 90 na 140 kwa chumba cha wawili, chai ya asubuhi ikiwamo. Shambani kulielekea chini na kijijini juu, ila aliyekodi gari ajumlishe gari hilo kabla ya kusema shambani ni rahisi. Baa huwa katikati, na hushuka siku za katikati ya wiki.

Kupigania bei kama sokoni hakufai. Lakini ukikaa usiku tatu, kuuliza kwa heshima kama kuna punguzo si kosa, na nyumba ya familia husikia kuliko baa. Uliza pia kama wanapokea kadi, kwa sababu vijiji vingi vidogo havina benki. Na tazama kalenda: nyumba nyingi za familia hufungwa kuanzia Novemba hadi karibu Machi, wakati baa huendelea. Wikiendi zinazoungana na Jumatatu ya kwanza ya Mei, Juni na Agosti hujaa mapema, kwani ni sikukuu za kitaifa.

Msomaji mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aangalie zaidi sharti la kufuta nafasi. Ireland haimo katika Schengen, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi, unaomba ya Ireland yenyewe. Mpaka ikutoke, chukua nyumba inayorudisha fedha yote. Nyumba ndogo za shambani huomba malipo ya awali yasiyorudi, na nawaelewa, maana chumba kimoja kikilala kitupu ni robo ya kipato cha siku. Basi nyumba hizo zingojee viza.

Ukiwa katika hali hii

Huna gari, unakwenda kwa basi: lala ndani ya kijiji chenye basi la kweli. Doolin inafikika kwa basi namba 350 la Bus Éireann linalotoka Galway na kupitia Cliffs of Moher kwenda Ennis. Familia au baa, vyote sawa, mradi umepima kwa Eircode kama nilivyoeleza.

Una gari na watoto wadogo, na unakaa zaidi ya usiku mmoja: shambani, lakini nunua chakula cha jioni cha siku ya kwanza kabla ya kufika, na muulize mwenyeji kama unaweza kukilia kwake.

Umekuja kwa muziki, au ni vijana wanne wa usiku mmoja: juu ya baa, na mwombe mwenye baa chumba cha nyuma.

Unafuata masharti ya chakula, au ni Ramadhani: nyumba ya familia, popote ilipo, baada ya kuongea na mwenyeji kwa simu. Daku haiandaliwi na mtu saa tisa usiku, lakini nimeachiwa sahani iliyofunikwa, mkate na chupa ya chai mlangoni, bila kuongezewa hata senti.

Umefuatana na mama au baba mzee: kijijini, chumba cha chini. Nyumba hizi nyingi hazina lifti na ngazi zake ni nyembamba, na vyumba vya baa viko juu karibu vyote. Uliza idadi ya ngazi za mlangoni pia.

Na kama umefika bila kuweka nafasi, labda ni Septemba na hali ya hewa imekukalisha siku moja zaidi, pita ukitazama vibao vya mlangoni. Mwenye nyumba aliyejaa mara nyingi atashika simu ampigie jirani yake, akueleze na njia. Ukielekezwa hivyo, nenda.